Nguchiro Mchuja Pombe

Zamani hizo, kabla binadamu hajajua kuchachusha chochote, wanyama walikuwa na nyumba zao, mashamba yao na mitungi yao ya pombe. Sogeeni karibu, na wewe mwenye muwa acha kwanza kutafuna. Hadithi hii ni chungu. Anayetaka tamu amwombe shangazi yake kesho.

Chini ya kilima kimoja palikuwa na chemchemi ya maji baridi, mepesi, yasiyo na chumvi. Wapishi wa pombe wanajua kwamba pombe huanzia kwenye maji, kwa hiyo walijenga vibanda vyao pale. Kila baada ya mavuno kila mmoja alipika mtungi mmoja wa pombe ya ulezi, kisha wakakaa pamoja, wakaonja ya kila mmoja na kuizungumza. Mwanzoni lilikuwa jambo jema. Mpishi aliambiwa kimea chako hukukianika vya kutosha, au moto wako ulikuwa mkali mno, akashukuru, na mwaka uliofuata akapika vizuri zaidi.

Kisha Kiboko akajifanya mkubwa wa waonjaji. Hakuchaguliwa na mtu. Alikaa tu katikati, na nani angemwondoa? Akaweka sheria kwamba pombe ikikataliwa na waonjaji, mtungi wake unavunjwa na mpishi wake anahama chemchemi siku hiyo hiyo. Alisema ni kwa ajili ya kulinda jina la mahali. Nyati akakubali, kwa sababu Nyati alikubali kila kitu alichosema Kiboko. Fisi akacheka, na kicheko cha Fisi mnakijua, humfuata mwenye chakula.

Akahama Kakakuona. Akahama Nungunungu na wanawe. Kila kibanda kilichobaki kitupu, Kiboko alikibomoa ukuta akakiunga na chake. Wadogo wakaisha mmoja mmoja, akabaki Nguchiro.

Nguchiro huyu alikuwa binti, mwembamba, macho mekundu, hatulii mahali. Aliishi na wadogo zake wawili waliokuwa bado hawawezi kujitafutia. Pombe yake aliibadilisha kwa mahindi na chumvi, na hicho ndicho walichokula. Akihama chemchemi, hana maji ya kupikia, na asipopika, wale watoto wanalala na njaa. Hakuwa na shamba kubwa wala mjomba mwenye nguvu. Alikuwa na mtungi.

Mtungi huo aliufinyanga mama yake. Chini ya ukingo wake palikuwa na alama ya kidole gumba, mahali mama alipoubonyeza udongo ukiwa bado mbichi. Mwaka uliotangulia mama alileta pombe yake kwenye kuonja, na Kiboko akaitema mbele yake. Alimwambia kwamba wanamsamehe mwaka huo tu, kwa ajili ya watoto, lakini pombe ya namna ile isionekane tena. Ilikuwa pombe nzuri kuliko zote. Mama alirudi nyumbani, akajilaza, na masika yalipoanza akafa. Wengine walisema ni homa. Mimi nasema mtu anaweza kufa kwa kutemewa kitu alichokitengeneza vizuri, na asiyekubali anyamaze, hadithi ni yangu.

Basi mwaka huo, mavuno yakaisha, ulezi ukaloweshwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, uji ukapikwa, kimea kikatiwa. Mitungi minne ikafunikwa kwa majani ya mgomba na kuanza kuchemka yenyewe, tobwe, tobwe, tobwe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Pombe ikishachachuka lazima ichujwe, la sivyo mtu anakunywa makapi. Na kuchuja ni kazi ya vidole. Unashika kichujio cha ukindu, unamimina, unakamua, unatupa machicha, unamimina tena. Kiboko hakuwa na vidole vya kazi hiyo. Nyati ana kwato. Fisi aliwahi kujaribu, akala machicha yote akalala. Kwa hiyo tangu enzi za mama, pombe za wakubwa zilichujwa na Nguchiro. Hawakumlipa wala hawakumshukuru. Kwao kuchuja haikuwa kupika, ilikuwa kutumwa tu, na siku ya kuchuja wenyewe walikwenda kuoga ili waje kwenye kuonja wakiwa safi.

Siku hiyo Kiboko alimletea pombe yake na mtungi wake mtupu, uliooshwa. Mitungi yote ya kuonjea ilikuwa ya kipimo kimoja, nayo ilitofautishwa kwa kamba za rangi shingoni.

"Jino langu usilisahau," alimwambia.

Kiboko alikuwa na jino lake lililovunjika katika ugomvi wa ujanani, jeusi, limepinda. Kila alipopika alilitumbukiza ndani ya pombe kuzuia jicho la hasidi. Mji mzima ulilijua jino hilo, kwa sababu hakuacha kulisimulia.

"Nilitie kwenye mtungi upi, mzee?" Nguchiro aliuliza kwa adabu.

"Wewe nawe! Jino linakwenda inakokwenda pombe yangu. Liweke chini, mimina pombe juu yake. Mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha, mzee. Nitafanya kama ulivyosema."

Kiboko akaenda zake mtoni. Nguchiro akafungua pombe ya Kiboko, na harufu ikampiga puani. Ilikuwa ile ile ya kila mwaka. Kiboko hapendi kutoka kwenye tope, kwa hiyo kimea chake alikianika pale pale ukingoni mwa mto, kwenye unyevu, kikaota ukungu. Pombe yake ilinuka kitambaa kilichosahauliwa kwenye maji. Kila mwaka Nyati aliisifu, akasema ina ladha ya mtoni. Nguchiro aliyajua haya yote kwa pua, kwa sababu mchujaji huzijua pombe kuliko mnywaji.

Alikaa kitako akautazama mtungi wa mama yake. Alijua kesho watasema nini, maana maneno yao yalikuwa tayari kabla pombe haijaiva. Wangeitema. Akalia kidogo, nisiwafiche. Kisha akafuta macho na kushika kichujio.

Pombe yake mwenyewe aliichuja polepole, akaimimina yote ndani ya mtungi wa Kiboko. Halafu akachukua lile jino, akaliweka chini kabisa ya mtungi wa mama yake, na juu yake akamimina pombe ya Kiboko mpaka ukingoni. Jino lilikwenda ilikokwenda pombe, kama mzee alivyoagiza.

Asubuhi wakakaa. Wanyama wengine walikuja kutazama, Swala, Ngedere, kina Kanga, wakasimama mbali kidogo. Desturi ilikuwa kwamba mwenye mtungi hunywa kwanza, aonyeshe kwamba hakutia ubaya. Wakaanza na mtungi wa Kiboko.

Kiboko akateka kata moja, akanywa. Akasimama. Akautazama mtungi, akanywa tena. Hajapata kuonja kitu kama kile maisha yake yote. Sasa hapo mwenye akili angejiuliza. Lakini niambieni, ni nani aliyewahi kuikataa sifa iliyokuja yenyewe mlangoni? Kiboko akafikiri, kumbe mwaka huu nimepika! Akampa Nyati.

Nyati alisema inaanza tamu, inaingia uchachu katikati, inamalizikia na moshi kidogo wa kuni kavu. Fisi akasema povu lake limetulia, na kimea kimekaushwa juani, kimegeuzwa na mtu mwenye subira. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi walisema kweli tupu. Nguchiro aliinamisha kichwa akisikiliza. Yalikuwa maneno ambayo mama yake aliyangoja mpaka akafa, na sasa yanasemwa juu ya jina la Kiboko.

Wakaonja ya Nyati, wakaisifu kidogo. Ya Fisi ikasifiwa kidogo zaidi, kwa sababu Fisi alikuwa ameleta nyama. Kisha Kiboko akasema haya, tuone na ile ya mtoto wa marehemu.

Nguchiro akateka kwanza, kama desturi. Ilikuwa ile pombe ya ukungu. Akaimeza yote bila kukunja uso, akapitisha kata.

Kiboko hakungoja hata kuimeza. Ptuu! Akaitema chini, mbele ya miguu ya binti, pale pale alipotema ya mama.

"Kimea kimeota ukungu," alisema. "Hiki kilianikwa kwenye tope na mvivu."

Nyati naye akatema, akasema ameyaona maji ya kuoshea miguu yaliyo bora kuliko hii. Fisi alimeza kwanza, maana Fisi hatemi kitu, halafu akasema kwamba ni mbaya sana. Walizungumza kwa muda mrefu, wakichambua ubaya wake, na kila mmoja alitaka kumpita mwenzake.

"Wazee wangu," Nguchiro akasema, "nimesikia. Naomba jambo moja tu. Mtu asije kusema kesho kwamba nilionewa. Hukumu ni ya pombe au ya mpishi?"

"Hukumu ni ya pombe," Kiboko akajibu kwa sauti, wote wasikie. "Hata angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Aliyekianika kimea hiki na kuipika pombe hii ahame kabla jua halijatua, na asipikie tena maji ya chemchemi hii. Nyati?"

"Ndiyo."

"Fisi?"

"Ahame," akasema Fisi.

Kiboko akainuka kuuvunja mtungi.

Hapa ndipo ninapomwonea huruma yule binti. Angeweza kupaza sauti, ngojeni, tazameni chini ya mtungi kuna nini! Angeweza kuingiza mkono na kulitoa jino, na mtungi wa mama yake ungepona. Lakini aliwajua. Jino likitoka mkononi mwake, wangesema amelitia yeye sasa hivi. Lilipaswa kutoka chini ya mguu wa Kiboko mwenyewe, huku wote wanatazama. Akaitazama ile alama ya kidole gumba chini ya ukingo. Akafumba mdomo.

Mguu ukashuka. Pwaa! Mtungi ukapasuka vipande, pombe ikatawanyika ikanuka mahali pote. Na katikati ya vigae likabaki jino, jeusi, limepinda, linang'aa kwa unyevu.

Kanga mmoja mjinga ndiye aliyeuliza kama lile si jino la mzee.

Kiboko akasema ameibiwa jino. Nguchiro akamjibu kwa upole kwamba hakuiba, aliagizwa. Akarudia maneno yake mbele ya watu, kwamba jino linakwenda inakokwenda pombe yangu, na Kiboko mwenyewe alijua kwamba alisema hivyo.

"Pombe yako mmeitema," Nguchiro alisema. "Ile mliyoisifu ni yangu. Ni ulezi wa shamba la mama, umepikwa kama alivyopika mama, na mwaka jana mliinywa hii hii. Mlimwambia nini?"

Nyati akatazama kwato zake. Fisi yeye alikwisha kuhama upande, kwa sababu alijua sasa pombe nzuri iko kwa nani. Alisema yeye siku zote aliisikia ile harufu ya tope, ila alimstahi mzee. Akamkumbusha Kiboko kwamba jua halingoji. Nyati akasema ndiyo. Hao ndio waliomwita mkubwa wao asubuhi ile ile.

Kiboko akaliokota jino lake, akateremka mtoni. Aibu ilimfanya azame mpaka machoni, na mpaka leo mchana hukaa humo humo, pua na macho tu ndivyo vilivyo juu, akitazama kama kuna anayemcheka.

Nyati na Fisi wakamgeukia Nguchiro kwa maneno matamu. Walimwita dada. Walimwomba akae mahali pa Kiboko, katikati, awe mkubwa wa waonjaji, na tena awatekee kata moja moja ya ile pombe nzuri wakati wanazungumza.

Nguchiro alikuwa amepiga magoti anaokota vigae. Alikipata kimoja chenye alama ya kidole gumba, akaweka kidole chake pale. Kilienea sawasawa, na hapo ndipo machozi yakamshinda mbele ya wote.

Alipoinuka aliwaambia neno moja, kwamba kuanzia mavuno yajayo kila mmoja achuje pombe yake. Akajitwika ule mtungi wenye pombe yake, akaenda kwa wadogo zake. Na kile kigae alikaangia kimea miaka yote iliyobaki. Nyati na Fisi walijaribu kuchuja, wakashindwa, wakanywa makapi mpaka wakaacha kupika, na kule kuonja kukafa, maana hapakuwa tena na wa kuonjewa. Chemchemi akabaki nayo Nguchiro, na maji yake yalikuwa matamu, lakini mama yake hakurudi kuyanywa.

Hadithi imefika ukingoni, kunyweni maji mkalale, na mkumbuke: anayemwonja mpishi badala ya pombe, ipo siku atatema ya kwake.