Kwa Nini Mbarika Ulifukuzwa Uani

Sogeeni karibu. Na wewe unayepiga miayo, nenda kanawe uso kwanza. Hiki si kisa cha kulalia.

Zamani hizo, babu wa babu yangu hajazaliwa bado, mbarika haukuwa mti wa majalalani. Ulikuwa mheshimiwa! Ulipandwa mlangoni, na nyumba isiyokuwa nao iliitwa nyumba ya wavivu. Mafuta yake yaliwasha taa, na bibi harusi hakutolewa nje mpaka ang'arishwe kwa mafuta hayo. Vichala vyake vilianikwa juu ya uchanja, na chini ya uchanja, penye kivuli, alifungwa mbwa ili awafukuze kuku. Watu wa kwetu walijiona wajanja sana kwa mpango huo.

Wajanja gani, jamani! Kila msimu wa kuanika, mbwa walikufa. Watu wakalia, wakazika, wakawasingizia uchawi watu wa bonde la pili, kisha wakafunga mbwa wengine palepale.

Basi, palikuwa na mjane aliyeitwa Namchaya. Alikuwa na mbwa jike, akampa jina Watasema, kwa ajili ya majirani wenye midomo. Fisi wa siku zile walikuwa hawana haya, na Watasema ndiye aliyewazuia wasimalize mbuzi ambao maziwa yao yaliwalea watoto wa Namchaya. Asubuhi moja Namchaya akamkuta amelala ubavu chini ya uchanja, anatapika, miguu inatetemeka.

Mkuu wa kijiji, Mzee Likolo, akaja na mkongojo wake. Akamtazama mbwa kwa mbali.

"Amerogwa huyu, mwanangu. Mwache afe, utapata mwingine."

"Mwingine nimtoe wapi, baba?" Namchaya alifoka. "Huyu ndiye mwanamume wa nyumba hii!"

Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya uchanja ili amnyanyue mbwa wake. Shavu lake lilipogusa ardhi, akaona ambacho hakuna mtu aliyesimama angekiona. Vichala vilivyokauka juani vilikuwa vimepasuka, na mbegu zake za madoadoa zilitapakaa chini ya uchanja mzima. Nyingine zilikuwa zimetafunwa. Maganda yake yalikuwa kwenye matapishi.

Akamtoa Watasema pale, akamkabidhi kwa binti yake amsafishe mdomo. Yeye mwenyewe akaenda kwa magoti katika kila ua uliowahi kufiwa na mbwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Njooni mwone, Namchaya kawa mbuzi!" Chini ya kila uchanja alikuta mbegu zilezile, zenye alama za meno.

Akarudi kwa Mzee Likolo na kiganja kimejaa.

"Mbarika umetulea," mzee akasema kwa hasira. "Hauna kosa."

"Haya, baba. Tafuna hizi, sisi tutazame."

Mzee akazipokea. Akazitazama, akawatazama watu, akazitazama tena. Kisha akatupa mkongojo, akapiga magoti mbele ya kijiji kizima, akachungulia chini ya uchanja wake mwenyewe.

"Lo!" sauti yake ikatoka kule chini. "Tumewafunga kwenye sumu kwa mikono yetu."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Majembe yakatoka. Kabla ya jua kuzama, hapakuwa na mbarika hata mmoja uani. Walifagia, wakachoma vichala, wakapanda miche michache ng'ambo ya korongo, mahali ambapo mbwa hafungwi. Namchaya alikuwa amekaa na Watasema mapajani, akimdondoshea maji ulimini, analia waziwazi bila kumwonea mtu haya.

Fisi wakasikia harufu ya mbuzi wasio na mlinzi. Wakashuka kilimani. Na Watasema, miguu ikiwa bado haijakaza, akasimama, akabweka! Akabweka tena, kwa nguvu zaidi, fisi wakatimua mbio. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika mpaka bonde la pili, kwa wale waliokuwa wakiitwa wachawi.

Na tangu siku hiyo, mbarika huota kando ya njia na majalalani, peke yake. Na mwanamke wa kwetu akihamia nyumba mpya, hata akiletewa mche wa maua mazuri namna gani, haupandi mpaka ajue ni maua gani, na mpaka apige magoti aukague uwanja kwa kimo cha mbwa. Wageni hutushangaa. Washangae tu. Kwetu, mbwa hufa kwa uzee.