Basi Lililofika Salama

Wapendwa, nataka niwasimulie habari ya dereva mmoja wa kule Makete. Aliitwa Atukuzwe, mama wa makamo, na kazi yake ilikuwa kuendesha basi dogo la kwaya. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda Mbeya kwenye mashindano, mvua nazo zimeshaanza. Na kwenye dashibodi ya lile basi kulikuwa na taa inayowaka. Ninyi mnaoendesha mnaijua: kile kigari kidogo chenye michirizi iliyojipinda nyuma. Kinakuonya kwamba mtambo unaozuia gari lisiteleze una hitilafu.

Basi likapelekwa kwa fundi. Akapima kwa kompyuta, kompyuta ikataja gurudumu la nyuma kushoto. Fundi akaisafisha sensa ya gurudumu hilo, kile kifaa kinachopima mzunguko wake, taa ikazimika. Kabla basi halijafika kanisani, ikawaka. Likapelekwa kwa fundi mwingine, huyo akafunga sensa mpya kabisa. Ikazimika, ikawaka. Mwenyekiti wa kwaya akachoka. Akaja na fundi wa tatu, naye akasema kwa furaha, "Hii ni kazi ndogo. Tunaikata taa yenyewe, haitawasumbua tena."

Atukuzwe akasimama mbele ya mlango wa dereva. "Mkiikata, mimi siendeshi."

"Dada, basi linatembea, breki zinashika," mwenyekiti akasema. "Sasa shida ni nini?"

"Sijui shida ni nini, Mwenyekiti. Ndiyo maana siendeshi. Humu ndani nabeba watu."

Wanakwaya walikuwa wameshavaa sare. Mnadhani walimtetea? Walimgunia! Sauti ya kwanza wakasema anaringa. Besi wakasema anaogopa ukungu wa milima ya Kitulo kule njiani. Mwenyekiti akanyoosha mkono, akachukua ufunguo. Akatafutwa dereva mwingine, taa ikakatwa, wakaondoka wanaimba.

Haya, niambieni. Kiliwapata nini njiani? Naona mnatikisa vichwa. Mmeshaliona basi bondeni, sivyo?

Hapana! Walifika salama. Wakaimba, wakashinda, wakarudi salama na kombe lao.

"Umeona?" mwenyekiti akamwambia yule mama mbele ya watu wote. "Ungetukosesha kombe kwa sababu ya kitaa."

"Nimeona mmerudi, namshukuru Mungu," akajibu. "Sijaona gari limepona."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akamwambia apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa.

"Sipumziki," akasema Atukuzwe. "Kama mnaniachisha kazi, niachisheni hapa hapa, mbele ya kwaya, na mimi niseme sababu yangu mbele ya kwaya. Au twende kwa fundi mmoja tu, gari likaguliwe na si taa."

Mwenyekiti akakubali kwa hasira. "Twende. Nataka nikuzibe mdomo."

Fundi waliyemkuta hakuanza na kompyuta. Alimwuliza dereva, "Mama, ukikata kona kulia unasikia nini?"

"Mngurumo. Huku nyuma, upande wa kushoto. Kila siku unazidi."

"Na umewahi kuulizwa?"

"Hapana. Waliiuliza kompyuta."

Fundi akapiga jeki, akalishika lile gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akamwita mwenyekiti alitikise mwenyewe. Likacheza mikononi mwake, na mwenyekiti akarudi nyuma.

"Beringi imekwisha," fundi akasema. "Gurudumu linayumba, ndiyo maana hata sensa mpya inasoma vibaya. Mngeendelea hivi, siku moja lingetoka."

Beringi ikabadilishwa, taa ikaunganishwa tena. Wakalizungusha basi kidogo barabarani, na taa ikazimika. Haikuwaka tena.

"Basi, rudi kazini," mwenyekiti akasema, anaangalia pembeni.

"Nitarudi. Na ikiwaka tena, nitashuka tena."

Je, alimwomba radhi? Hakumwomba. Wanakwaya nao? Hakuna hata mmoja. Mnajua kwa nini? Kwa sababu basi lilifika! Lingeanguka, mama yule angeitwa shujaa, na sisi tungemsifu hapa madhabahuni huku tunazika watu.

Na ninyi, ndugu zangu, nilipouliza kilichowapata njiani, mlitaka ajali. Mlikuwa mnaisubiri ili mumwamini! Kwa nini sisi tunadai maiti ndipo tukubali kwamba aliyetuonya alisema kweli? Mke anasema, "Baba, hiyo pombe itakuua," na wewe unaamka mzima, unamcheka. Binti anasema, "Yule mjomba asiachwe na watoto," na kwa kuwa hakuna aliyelia, ukoo mzima unamwambia anyamaze. Mungu akituvumilia, tunadhani ametukubali. Nani alikudanganya hivyo?

Nimeshauriwa wiki hii nihubiri mambo laini. Sihubiri mambo laini.

Wazee wa kanisa, rudisheni vikapu vya sadaka mezani. Hatukusanyi kitu sasa hivi. Kila mtu hapa anamjua mmoja aliyemwonya, na badala ya kumsikia akamdhihaki kwa sababu hakuna baya lililotokea. Wengine mmekaa naye benchi moja. Kama yuko nyumbani, piga simu, toka nje uzungumze. Mwombeni radhi leo, wakati nyote bado mko hai.

Mimi nasimama hapa. Nawasubiri.