Nani Ampakate Binti wa Mwamini

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wafalme na majini, bali zamani ya jana, wakati unga ulipokwisha kuanza kufika vijijini katika mifuko yenye maandishi, na wengi wetu tukiitumia mifuko hiyo kuhifadhia maharage bila kuisoma, palikuwa na mtoto mmoja na watu watatu waliomgombea. Sikilizeni mpaka mwisho, kisha mnijibu.

Mwamini aliolewa na Semboja katika kijiji cha Kwemzinga, kule milimani, akakaa miaka sita bila kushika mimba. Hedhi yake ilikuja mara mbili kwa mwaka, pengine mara moja. Wajomba wa Semboja wakaja na habari za binti wa kijiji cha pili, mpole na mwenye afya. Semboja akawaonyesha mlango. Wakatoka, lakini walisema watarudi baada ya mavuno.

Mwamini alikuwa na dada yake mkubwa, Nyamvula, mshona nguo wa sokoni, mwanamke aliyezoea kuagiza na kutiiwa. Nyamvula akamchukua mdogo wake hadi hospitali. Daktari akampima, akasema:

"Sukari yako imeanza kupanda, na uzito umezidi. Punguza vyakula vya wanga: ugali, wali, viazi, na chai yenye sukari. Sikusema uache. Punguza. Ugali usizidi ngumi yako, sahani iliyobaki ijaze mboga, maharage, mayai na samaki. Na kwa kuwa unatafuta mtoto, meza kidonge hiki kila siku kuanzia leo, kabla mimba haijaingia. Kinaulinda uti wa mgongo wa mtoto katika zile wiki za mwanzo, ambazo mama mwenyewe bado hajui kama ana mimba."

Walipokuwa njiani Nyamvula akasema, "Umesikia? Ugali basi."

"Dada, amesema nipunguze."

"Nakujua tangu unatambaa. Ukiruhusiwa ngumi utakula mpaka kiwiko. Acha wote. Na hivyo vidonge usimtajie mtu, hata mumeo. Mimba isiyoingia haitangazwi."

Mwamini akanyamaza.

Sasa mjue kwamba katika nyumba ile wote walikula katika sinia moja, na ugali ulisongwa na mama mkwe, Bi. Mwanjaa. Mkaza mwana aliyekataa ugali wa mama mkwe alihesabiwa kuwa amesema moja kati ya mambo mawili: ama anaogopa kulishwa dawa, ama anajiandaa kurudi kwao.

"Ugali wangu umeota miiba?" Bi. Mwanjaa akauliza siku ya tatu.

"Hapana, mama. Daktari amesema wanga unanipandisha sukari."

"Mimi nimezaa saba kwa huo huo wanga. Huyo daktari amezaa wangapi?"

Semboja naye akauondoa mkono wake kwenye ugali. "Nitakula anachokula mke wangu," akasema. Kwa mtu anayelima miteremko tangu asubuhi hadi jioni, hilo halikuwa jambo dogo. Wenzake kwenye benchi la kahawa wakamwuliza kama wamkatie na majani, kwa kuwa zizi lilikuwa na nafasi. Semboja akacheka nao, akanywa kahawa yake bila kashata.

Mwezi wa tatu tangu aache ugali, gauni la Mwamini lililegea na hedhi ikaja kwa tarehe yake. Mwezi wa nne ikaja tena. Mwamini alifurahi peke yake, kwa kuwa Bi. Mwanjaa aliona mashavu yanayobonyea tu, na alijua majirani watasema nini. Basi akanunua dukani unga wa mfuko, na kila jioni akakoroga vijiko vitatu ndani ya mchicha wa mkaza mwana wake.

"Mama, mboga ya leo nzito."

"Karanga hizo. Kula."

Mwamini akala, na Bi. Mwanjaa akanyamaza.

Wakati huo huo Semboja, akitafuta shati katika sanduku la mkewe, akakuta vidonge vilivyofichwa chini ya kanga. Semboja hakujua kusoma. Aliwahi kuona vidonge vilivyopangwa hivyo kwa mke wa jirani, navyo vilikuwa vya kuzuia mimba. Akasimama na lile sanduku wazi. Mke anakataa chakula cha mama, mke anaficha vidonge; akaunganisha yale mawili. Akavitupa chooni vyote, na badala ya kuuliza akanyamaza.

Mwamini alipofungua sanduku na kukuta vidonge havipo, mawazo yake yalikwenda kwa Bi. Mwanjaa. Kumwambia mama mkwe kwamba amefungua sanduku lako ni neno lisilorudishwa mdomoni. Kumwambia Nyamvula ni kumwita aje kuvunja nyumba. Mwamini akahesabu siku zilizobaki kufika tarehe ya kliniki, ambako angepewa vidonge vingine, akanyamaza mara ya pili.

Na katika siku hizo za kusubiri, mimba ikaingia.

Kichefuchefu kikamkataza mayai, kikamkataza samaki. Ugali ulikuwa mwiko, ukabaki ule mchicha tu. Kliniki akaiahirisha, kwa kuwa miguu haikuweza ule mteremko. Nyamvula akaja, akamwona amelegea, akasema, "Kaza hapo hapo. Umefika, usirudi nyuma." Wiki ya nane Mwamini akaanguka njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Wakambeba kwa machela hadi hospitali, na wote watatu wakamfuata.

Daktari alipomwamsha akauliza, "Nani alikwambia uache wanga wote?"

Nyamvula akatazama sakafu. "Mimi."

"Na vidonge, unameza?"

"Vilipotea," Mwamini akasema.

"Lini?"

"Kabla ya mimba."

Daktari akaiweka kalamu chini. Akawaeleza taratibu, kama mtu anayepita juu ya mawe yenye utelezi: uti wa mgongo wa mtoto huwa umekwisha kufunga kabla ya wiki hii ya nane. Kama haukufunga, hakuna kidonge cha kuufunga sasa.

Mwamini akageuza macho, akamtazama Bi. Mwanjaa. Kila aliyekuwapo aliuona mtazamo ule.

"Usimtazame mama," Semboja akasema. "Nilivitupa mimi. Nilidhani ni vya kuzuia."

Bi. Mwanjaa akasema kwa sauti ndogo, "Daktari, mimi nimekuwa nikimtilia unga kwenye mboga. Kwa siri. Huo nao umemdhuru?"

"Unga gani?"

Mfuko ulikuwamo katika kikapu chake, amefungia ndizi za mgonjwa. Daktari akaukunjua, akasoma upande wa nyuma, akasoma tena. Katika orodha ya virutubishi vilivyotiwa kiwandani, jina la dawa ya vile vidonge lilikuwamo.

"Kiasi chake ni kidogo," akasema. "Huenda kimetosha, huenda hakikutosha. Sitawadanganya. Mimba ikifika mwezi wa tano tutapiga picha tuutazame mgongo."

Wakarudi nyumbani na vidonge vipya, na amri ya ugali ulio sawa na ngumi. Miezi ile mitatu hakuna aliyelala vizuri. Kila asubuhi Semboja alimpa mkewe kidonge na maji kwa mkono wake mwenyewe, akasimama mpaka kimemezwa. Bi. Mwanjaa alimwambia Mwamini, "Kunja ngumi, mwanangu," akaupima ugali. Nyamvula alifunga cherehani, akahamia pale. Mgongo haukutajwa. Siku moja tu Bi. Mwanjaa aliuliza, akichambua mchicha, "Mtoto mwenye uti mbovu hutembea?" Nyamvula akauvuta ungo, akachambua naye.

Siku ya picha, daktari alifuata mifupa ya mgongo kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, akafika chini, akarudi juu, akaanza upya. Semboja alitoka nje, akarudi, akatoka tena.

"Umefunga," daktari akasema. "Wote, toka juu hadi chini."

Bi. Mwanjaa akaketi mahali pasipokuwa na kiti.

Nyamvula akauliza kilichomwokoa mtoto ni nini hasa. Daktari akasema hajui, wala hakuna kipimo cha kumwambia.

Akazaliwa binti, mzima. Ikafika siku ya arobaini, siku ya kumnyoa mtoto nywele. Desturi ya Kwemzinga ni kwamba mtoto wa kwanza hunyolewa akiwa amepakatwa na yule ambaye mama anamwona ndiye aliyemfikishia mtoto. Huyo humpa jina. Huyo huwa mzazi wake wa pili, na binti haposwi mpaka yeye amekubali. Paja ni moja, na halibadilishwi.

Siku hiyo walikuja watatu, kila mmoja na kanga mpya mapajani.

Nyamvula akasema, "Mlikaa naye miaka sita mkimlisha milima ya ugali na kumsubiri mke wa pili. Ni nani aliyemshika mkono hadi hospitali? Ni nani aliyezirudisha hedhi zake? Nilizidisha, nakubali. Lakini bila mimi mngekuwa mnanyoa nini leo?"

Bi. Mwanjaa akasema, "Ulimrudishia hedhi, bibi, kisha ukamwangusha na mzigo. Vidonge havikuwapo. Kilichoingia tumboni mwake wiki zile ni unga wangu."

"Ulijua una dawa ndani yake?"

"Sikujua. Nilijua ana njaa."

Semboja akasema, "Miezi yote nimekula anachokula, nikachekwa. Wajomba niliwafukuza. Nilikosa, na kosa langu ndilo kubwa kuliko yenu. Lakini nilipoweza kumwacha mama aonekane mwizi, nilisema. Kama ningenyamaza, mama naye asingeutaja unga wake, na leo nyumba hii isingekuwa na watu wa kukaa mkeka mmoja."

"Ungeuliza kwanza," mama yake akamjibu, "usingekuwa na cha kuungama."

"Nawe, mama, ungesema kwanza, usingemlisha mtu mzima kwa uongo wa karanga."

"Na mwenye sanduku?" Nyamvula akasema, akimgeukia mdogo wake. "Mbona yeye hatumtaji? Alinyamaza kuliko sisi sote."

Mnyoaji alikuwa amekwisha kuzilowesha nywele za mtoto, na maji yalikuwa yanakauka. Mwamini akasimama katikati ya mkeka na binti yake mikononi, akayatazama mapaja matatu yaliyotandikwa kanga. Akapiga hatua moja.

Yupo aliyeifungua njia, kisha akaizidisha hadi karibu iue. Yupo aliyelisha kwa siri, asijue alicholisha. Yupo aliyenyang'anya kinga kwa kutojua, kisha akasema kweli mahali ambapo kunyamaza kungemfaa.

Nimemaliza. Sasa nijibuni nyinyi: mtoto akiwa mikononi mwenu, na maji yanakauka, je, nani alistahili kumpakata?