Wafu wa Ofosua

Jumamosi ya tarehe 9 Juni mwaka 2001, saa saba na robo mchana, Mungu aliifungulia nyumba moja ya mji wa Koforidua, nchini Ghana, mlango uliokuwa umefungwa miaka ishirini na miwili.

Mwanamke mmoja alikuwa na uso ambao watu waliuogopa. Jina lake Ofosua, nasi tumemzika Alhamisi iliyopita. Ndiye aliyenizaa, kwa hiyo nivumilieni nikisema polepole.

Alikuwa fundi cherehani. Siku moja, miaka ishirini na miwili kabla ya Jumamosi ile, watengenezaji wa filamu aliowashonea nguo walimkosa mtu wa kuigiza mama wa kambo, wakamsimamisha yeye mbele ya kamera. Akatia sumu katika chakula cha yatima, kwa utulivu mkubwa, na tangu hapo hawakumpa kuigiza mtu wa aina nyingine. Katika filamu aliwalisha sumu waume, wake wenza, wakwe, na hata mchungaji mmoja. Mara nyingi aliomba aigize mtu mwema. Walimjibu kwamba wema wake hauna mnunuzi.

Sokoni wauza nyanya walimgeuzia mgongo. Katika kituo cha mabasi mama mmoja alimpiga kibao kwa ajili ya yule yatima. Kanisani, siku ya mavuno, kila mtu alileta chakula, na chungu chake kikarudi nyumbani kimejaa. Hakulalamika. Alitupakulia sisi. Na mimi, mwanawe, niliwahi kukitazama chakula chake mara mbili kabla ya kutia mkono. Hilo nimelitubu.

Kisha nikataka kumwoa Serwaa. Ukoo wao una desturi: kabla ya kumtoa binti, wazee huja kuitazama nyumba anakokwenda. Wakila, wamekubali. Wakiomba maji tu, wamekataa, na hakuna wa kuwauliza sababu.

Jumamosi ile walikuja wazee watano, na Serwaa nyuma yao. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri, akitwanga mihogo na ndizi za fufu na kupika supu ya karanga kwa kuku. Alipotenga chakula, mjomba wa Serwaa akakohoa kidogo, akasema safari imewashibisha, wangeshukuru wakipata maji. Serwaa akainamisha kichwa. Mama akabaki amesimama na upawa mkononi.

Ndipo Bibi Dufie, nyanya yake Serwaa na mmoja wa wale watano, akavuta kiti chake hadi mezani. Niliogopa, maana bibi yule hakuwahi kukosa filamu hata moja. Maovu yote ya mama yangu aliyaona kwa macho yake.

“Ofosua, mwanangu,” akasema, “wote uliowaua niliwaona wiki zilizofuata katika filamu nyingine, tena wamenenepa. Nipakulie, na usininyime paja.”

Mjomba alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. Akaomba maji, safari hii ya kunawa. Walikula mpaka chungu kikakwanguliwa, na Bibi Dufie akamgombeza mjomba kwa kumaliza supu. Mama alirudi jikoni. Nilimsikia akilia na kumshukuru Mungu kwa pumzi moja, kama mtu aliyetuliwa mzigo akiwa bado njiani. Nami nilioa.

Ndugu zangu, chungu kile ni moyo wa mtu, na filamu ni yale yanayosemwa juu yake. Wazee wale wanne wengine ni sisi, tunaoketi na njaa yetu tukiomba maji. Bibi Dufie hakuwa na habari nyingine tusiyokuwa nayo; aliyaona tuliyoyaona, ila yeye alitazama mpaka mwisho. Basi ni nani uliyemwita muuaji, na hujaenda hata mara moja kuwatafuta wafu wake?

Ee Bwana, uliyemjua Ofosua bila kuambiwa na mtu, mpokee. Msamehe alipokosea, utusamehe tuliomkosea, umpe raha isiyo na mwisho. Amina.