Kwa Nini Uwanja wa Nyani Ulijaa

Paukwa. Pakawa. Mliojibu endeleeni kuchambua mboga. Kwa kazi hii masikio yanatosha.

Zamani sana, wanyama wakiwa bado na michezo yao ya jioni, Mama Ngiri alikuwa anachimba mizizi. Chimba, chimba. Pua kwenye udongo, watoto mgongoni, watoto miguuni. Kanga akaja mbio, vumbi tupu.

"Shoga, umesikia?"

"Nachimba."

"Korongo na Nyani wanacheza leo. Jioni moja, kila mmoja na uwanja wake. Atakayejaza uwanja anapewa lile pango la baridi kiangazi chote."

Ngiri akainua pua. Pango lile Korongo alilitaka kwa ajili ya mama yake. Bibi Korongo alikuwa amezeeka, manyoya yamenyonyoka, na jua la kiangazi kilichopita nusura limuue. Kila mnyama alilijua hilo.

"Korongo anacheza nini?"

"Mafuriko. Mama anazama, mtoto anamwangalia. Wanasema utalia mpaka kwato zilegee."

"Na Nyani?"

"Nyani anaanguka."

"Anaanguka, halafu?"

"Anainuka. Anaanguka tena."

Ngiri akachimba kidogo. "Mimi ningependa kwenda kwa Korongo."

"Hata mimi. Ila amekataza watoto. Anasema wanamkatiza."

"Sasa watoto nimwachie nani, Chui?"

"Na ukiwaficha chini ya tumbo, wakamwona yule mama anazama, usiku anaamka nani?"

"Mimi."

"Haya basi."

Jioni ikafika. Korongo akasimama juu ya jabali, mguu mmoja, shingo juu. Akasubiri. Walikuja Bundi, na Kakakuona ambaye hana mke, na Fisi mmoja aliyepotea njia. Korongo akacheza kwa moyo wote hata hivyo. Bundi alilia.

Huko bondeni Nyani akapanda mti. Akaanguka, puu. Watoto wakacheka. Akapanda tena, akaangukia tope, chubwi. Watoto wakacheka mpaka wakajikojolea. Walikuwepo akina Ngiri, akina Kanga, Swala na mabinti zake, Nungunungu na mama mkwe wake. Hapakuwa na pa kuweka mkia. Mama Ngiri aliona anguko la kwanza, akasinzia. Alipoamka, Nyani bado anaanguka. Hakuwa amekosa kitu. Akasinzia tena.

Pango akapewa Nyani.

Kesho yake Korongo akaenda kwa Ngiri, ameshusha shingo.

"Dada, niambie kweli. Mchezo wangu ni mbaya?"

"Ni mzuri. Ndiyo maana sikuja."

"Sielewi."

"Mchezo mzuri unataka mtu akae, atulie, asikilize. Mimi sijatulia tangu nilipoolewa."

"Na wa Nyani ulikupendeza?"

"Sijui. Nililala."

"Ulilala, na bado ukampa pango?"

"Nililala watoto wote wapo, wanacheka, hakuna anayelia. Wewe ulitaka niwaache nyumbani. Wangelindwa na nani?"

Korongo akasimamia mguu huu, akasimamia mguu ule.

"Mama yangu hataliweza jua, dada."

Ngiri akafikiri. Hakufikiri sana, chungu kilikuwa motoni.

"Mlete hapa. Shimo langu lina ubaridi, ila lina kelele. Na siku utakayocheza, yeye abaki na watoto, mimi nije kwako."

"Peke yako?"

"Na Kanga. Watoto wake watakaa humu humu."

Jioni ile Bibi Korongo akaletwa, polepole, mwanawe akimkinga kwa bawa. Akawaangalia watoto. Watoto wakamwangalia.

"Bibi, unajua kuanguka?" mmoja akauliza.

"Siku hizi ndicho ninachokijua," akasema Bibi.

Wakasogea kumpisha.

Basi jueni hivi. Uwanja haujazwi na mchezo ulio bora kuliko yote. Unajazwa na ule ambao nyumba nzima inaweza kuuendea bila mtu kubaki nyuma. Anayetaka watu wakamsikilize, aulize kwanza watoto wao wako wapi.

Mizizi ikapakuliwa. Mama Ngiri akapitisha macho kwenye kila mdomo. Wote wapo, na Bibi Korongo amewekwa pembeni, maana mdomo wake ni mrefu. Wakala.

Ngano yangu imekomea hapo. Kanaweni mikono.