Ghorofa ya Nne

Asiyeuliza mkono huuliza mfuko. Mmemsikia mama mmoja akimwambia binti yake maneno hayo pale sokoni, mkanijia mbio kuuliza yametoka wapi. Kaeni basi. Na wewe unayechezea simu, iweke chini, maana balaa lenyewe liliingilia humo humo. Methali hii ilianza hivi.

Huko Mafinga palikuwa na seremala kijana aliyeitwa Lutengano. Alifanya kazi katika karakana ya Fundi Kihwele, mzee aliyekuwa na vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Pale mgeni akija kuomba kazi hakupokelewa kwa maneno. Alipewa ubao uliotoka msumenoni, akaambiwa, "Nionyeshe mkono." Akiisha kuupiga randa, Fundi aliuinua usawa wa jicho kama mtu anayelenga shabaha, akatafuta palipopinda. Aliyesamehewa jaribio hilo ni fundi aliyetanguliwa na jina. Huyo alipewa kigoda na chai ya moto, na kila kijana pale alikiota kigoda hicho.

Lutengano alikuwa na mkono mzuri, na randa nzuri zaidi. Aliachiwa na marehemu baba yake. Mshiko wake ulikuwa umelika mahali pa kiganja cha mzee, na kiganja cha kijana kilikaa humo kama yai kwenye kiota. Randa hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake.

Siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu: kiwanda cha samani huko ng'ambo kinatafuta mafundi. Akapiga, akajitambulisha kwa adabu. Akapokelewa na sauti tamu ya mwanamke aliyejiita Madamu Perpetua.

"Nitakuja kupimwa lini, madamu?"

"Upimwe wewe? Fundi Lutengano mzima! Jina lako limeshatufikia. Wewe jiandae tu."

Jamani, kijana akapewa kigoda kwa simu! Alisahau kwamba jina lile alikuwa amelitaja mwenyewe muda si mrefu.

Kisha ikaanza: leo hela ya vipimo vya afya, kesho ya sare, keshokutwa ya viza. Kila moja na haraka yake, kwamba nafasi zinafungwa jioni, na usimwambie mtu, wenye wivu ni wengi. Akiba ilipokauka, akaiangua randa kwenye msumari wake, akamuuzia mchuuzi wa zana aliyekuwa akipita barabara kuu.

Fundi Kihwele akauona msumari mtupu.

"Lute, randa iko wapi?"

"Nimeuza, fundi. Naenda ng'ambo. Kule mashine zinapiga randa zenyewe."

"Wameuona mkono wako?"

"Hawakuhitaji. Jina langu limewafikia."

Wenzake wakaangua kicheko. "Jina lako hata Makambako halijafika," mmoja akasema. "Bahari limeivukaje?"

Fundi hakucheka. "Mwanangu, mimi nikitaka mtu wa kufagia tu, namtazama kwanza anavyoshika fagio. Hawa wanakupa kiwanda hawajaona hata ukucha wako. Kwani wamekuuliza nini?"

Lutengano alilijua jibu. Lakini mtu aliyekwisha kuuza randa, aanzie wapi kulitamka?

"Mna wivu," akasema, akatoka.

Mama yake akamfungia viazi vya kuchemsha vya njiani. Akasafiri hadi Dar es Salaam, akaulizia mtaa wa ofisi aliyoelekezwa na Madamu Perpetua, akalifikia jengo. Mlangoni palikuwa na mlinzi.

"Ghorofa ya nne?" mlinzi akauliza kabla yeye hajafungua mdomo.

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Begi. Wote mnakuja na begi." Akanyoosha kidole juu, pole pole, kama mtu aliyechoka kukinyoosha. "Hesabu mwenyewe, mdogo wangu."

Jengo lilikuwa na ghorofa mbili. Juu ya ile ya pili palikuwa na mbingu.

Simu ya Madamu Perpetua haikupatikana tena. Lutengano akarudi Mafinga na viazi vyake, hakuvionja. Akamtafuta mchuuzi, akaambiwa randa imeshauzwa kwa msafiri, na msafiri hana jina. Mama hakumkaripia. Alimuuliza tu, "Na randa ya baba yako?" Alipoona kijana ameinamisha kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Heri angempiga.

Alipojikokota hadi karakanani, Fundi Kihwele akamwekea ubao mbele yake, na juu ya ubao randa ya Fundi mwenyewe.

"Nionyeshe mkono."

"Fundi, mkono wangu si unaujua?"

"Naujua. Ndiyo maana nauuliza."

Lutengano akaushika ule mshiko. Haukumkaa, ulikuwa umelika kwa kiganja cha mtu mwingine. Akasukuma, akavuta, akasukuma, na hapo yale machozi aliyoyabana tangu pale kwa mlinzi yakamtoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Fundi akauinua ubao usawa wa jicho.

"Umenyooka," akasema. "Ila umelowa." Kisha akamshika bega. "Asiyeuliza mkono, mwanangu, huuliza mfuko."

Randa ya baba yake haijapatikana mpaka leo.

Sasa yule binti wa sokoni, mlimtazama vizuri? Alikuwa na simu sikioni, anatabasamu, anamwambia mama yake kazi ipo, usaili hauhitajiki, inatakiwa ada ya fomu tu. Na mama naye akashika hereni zake za urithi masikioni, kwa mikono yote miwili, akamjibu mlivyosikia: asiyeuliza mkono huuliza mfuko.