Anayesikika Uani

Hebu tujiulize kitu, wapendwa. Ukitaka mtu akufikishie neno upande wa pili wa mlima, utamchagua nani?

Kulikuwa na kijiji bondeni, simu haishiki mtandao hata ukipanda juu ya paa. Ambulansi nayo inaishia barabarani, nyuma ya mlima. Wakapewa redio za mkononi, lakini mlima ukaziba mawimbi. Lazima apatikane mtu wa katikati: apokee neno bondeni, alirushe barabarani.

Mwenyekiti wa kijiji akaketi kwake, akafanya majaribio. Redio ya mama mmoja mfuga nyuki, anayekaa juu mlimani, ikakwaruza: nusu maneno, nusu upepo. Ya mpwa wa mwenyekiti ikaja loud and clear.

"Huyu ndiye!"

Mkewe akamuuliza, "Baba watoto, huyo si yuko hapa uani?"

"Ndiyo maana namsikia!"

"Na barabarani wanamsikia?"

"Kwani anayeomba msaada ni mimi au ni barabara?"

Mnacheka? Ngojeni.

Asubuhi moja binti yao akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, damu inatoka. Mwenyekiti akaita. Mpwa akajibu, "Copy, mjomba! Nimekupata!" Akaita barabarani. Kimya. Akaita tena. Kimya. Nyuma ya mlima dereva wa ambulansi anakunywa chai, hana habari.

Ni yule mfuga nyuki, ambaye hakuna aliyemteua, aliyedaka vipande: "...binti... damu... haraka..." Akavirusha hivyo hivyo. Wahudumu wakavuka mlima na machela. Mama na mtoto wakapona.

Mwenyekiti akalia machozi ya kweli. Akamshika mkono mfuga nyuki mbele ya watu: "Dada yangu, huko porini hukai tena. Nakujengea nyumba hapa uani kwangu, nikusikie vizuri!"

Sasa mbona kimya? Si ni sisi hao? Kijana akihubiri kule kijiweni, walevi wanamsikiliza, wanalia naye, sisi tunafanyaje? Tunampa suti, cheo, na kiti cha mbele hapa kanisani, tumsikie vizuri. Amina, Amina! Halafu tunafunga na kuomba, tukimuuliza Mungu kwa nini huko nje hakuna anayetusikia. Seriously, wapendwa?

Anayefika kule, tumwache kule. Akitukwaruza masikio, tuvumilie. Hakutumwa kwetu.